Mama Penseli na Karatasi Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu tunayemwita Mama Penseli anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Kwa mujibu wa faili lake, alikuwa na miaka miwili zaidi ya kukaa nasi. Ameomba mwenyewe kuondoka mapema, na kwa kuwa minong'ono imeshazunguka korido zote, ameniagiza niandike sababu humu kwenye ratiba ya hafla, wazi, bila kupaka rangi. Naandika kwa moyo mzito. Mimi ni msaidizi wake wa miaka sita, na sehemu ya sababu hiyo ni mimi.

Alianza kama mwalimu wa darasa la kwanza: watoto themanini na wawili, madawati ishirini. Mwaka wa tisa akahamishiwa kitengo chetu, ambacho kazi yake ni kuwasaidia walimu kupima kama watoto wa madarasa ya chini wanasoma, wanaandika na wanahesabu. Kabla yake, kupima kulikuwa ni kutisha. Mkaguzi anaingia na kalamu nyekundu, mtoto anasahau hata jina la mama yake. Yeye alipiga marufuku kalamu. Wapimaji wote waandike kwa penseli, alisema, kwa sababu alama ya kosa kwa mtoto wa miaka saba lazima iweze kufutika. Jina la utani likatoka hapo, naye hakulikataa.

Walimu wengi watamkumbuka kwa mambo madogo. Shule moja ilikuwa na ufaulu wa kushangaza, kila mtoto anasoma kama mtangazaji wa redio. Mama Penseli akahesabu mabegi darasani, akahesabu watoto, hesabu ikakataa. Waliopungua saba aliwakuta ndani ya stoo ya vifaa vya michezo, wamefungiwa na kuambiwa wasikohoe. Hakumgombeza mwalimu. Alivua viatu, akakaa nao sakafuni na mfuko wake wa vizibo vya soda, wakahesabu mpaka kengele ya kutoka. Mwalimu yule ndiye leo anayetufundishia wapimaji wapya wa hesabu.

Siku nyingine mtoto mwenye woga aliombwa asome kwa sauti neno lililo kwenye kadi. Akalitazama, akajikaza, akafumba macho, akapiga ukelele: Simama! Darasa la jirani lote likasimama wima, na mwalimu wao pia. Mama Penseli alicheka mpaka miwani ikadondoka, kisha akaandika pembeni ya karatasi: "Amesoma, na ameeleweka."

Kuna pia yule aliyeandika imla yote kinyumenyume, herufi zimegeuka kila moja. Mwalimu alishaweka sifuri. Mama Penseli akaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, akaisoma kwa upande wa nyuma, na kila neno lilikuwa sahihi. Akasema huyu anajua kuandika, kilichobaki ni kumwonyesha aanzie upande gani.

Lakini kikubwa alichotuachia ni karatasi mbili. Katika kusoma, mtoto husikilizwa na watu wawili. Kila mmoja ana karatasi yake yenye maneno yaleyale, anakata neno lililokosewa, na haruhusiwi kuchungulia ya mwenzake. Mtoto akitoka, karatasi zinalinganishwa. Zikipishana kwa zaidi ya maneno mawili, mtoto anakwenda kucheza, anapumzika, kisha anarudi kusoma tena. Utaratibu huo aliubuni yeye, kwa kuwa hakutaka mustakabali wa mtoto ukae kwenye sikio la mtu mmoja.

Mwaka jana karatasi zetu zilianza kupishana. Alikuwa anakata maneno niliyoyasikia vizuri kabisa: sahani, fisi, shuka, safari. Mara ya kwanza nilidhani mimi ndiye niliyezubaa. Mara ya pili vilevile. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza, sasa mimi ni nani hata nimbishie? Basi nikaanza kufanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Kabla hatujalinganisha nilikuwa nachungulia jumla yake, nafuta yangu, naandika zifanane. Penseli inafutika kirahisi. Nikajiambia hiyo ni heshima.

Nyumbani kwake nako, mumewe, fundi saa, alikuwa analaumiwa kila siku kwamba ameanza kuongea kama mtu aliyekula gundi. Mzee wa watu alikuwa anaongea vilevile kama zamani. Alipotusimulia ofisini tulicheka sana, na hakuna aliyeunganisha mambo.

Julai mwaka huu mwalimu mpya wa darasa la pili aliingia ofisini kwetu amemshika mkono mwanafunzi wake, binti mwembamba mwenye daftari kifuani. Binti huyo alikuwa miongoni mwa watoto ishirini na saba, wa shule tano, walioambiwa warudie darasa la pili mwanzoni mwa mwaka kwa sababu ya matokeo yetu. Mwalimu hakuketi. Alisema, "Mama, samahani sana, lakini huyu anasoma. Namsikia kila siku."

Mama Penseli hakununa. Alitoa karatasi mbili, akanipa moja, binti akasoma. Mimi nilisikia kila neno. Pembeni yangu penseli yake ilikuwa inakata, inakata. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu akiziona karatasi zote mbili, na siku hiyo sikuweza kufuta.

Aliziweka sambamba mezani, akalinganisha neno kwa neno. Kisha akauliza swali moja tu: "Na zile za mwaka jana?" Nikamwambia. Nilijieleza vibaya, nikilia, nikirudia neno heshima mpaka likanichosha mwenyewe. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alimwomba mwalimu ampeleke binti akanywe maji, akafunga mlango, akasema, "Ulikuwa unaniheshimu mimi. Na mtoto je?"

Daktari wa masikio alimweleza kwamba sauti nyembamba zimekuwa zikififia masikioni mwake taratibu kwa miaka, na kwamba zile za s, f na sh ndizo zilizotangulia kupotea. Alipewa kifaa cha kusikia. Kinamsaidia kwenye mazungumzo, lakini si kwa kumpima mtoto anayesoma kwa woga. Mkuu wa kitengo alimbembeleza abaki apange mafaili. Akajibu kwamba kazi yake ilikuwa kusikiliza, akaandika barua ya kuondoka siku hiyohiyo.

Kabla barua haijajibiwa, alirudi katika shule zote tano. Safari hii hakushika karatasi. Alikaa kiti cha nyuma huku wapimaji wengine wawili wakisikiliza, wote na kalamu za wino, kwa agizo lake mwenyewe. Watoto wanane kweli walihitaji msaada. Mmoja hakuwapo shuleni. Waliobaki, kumi na wanane, walikuwa wanasoma tangu mwanzo.

Alikwenda kwa wazazi wao nyumba kwa nyumba, nami nikiwa nyuma yake, na kila mlangoni alisema maneno yaleyale: "Mwanao anasoma. Niliyekosea ni mimi." Baba mmoja alitufungia mlango. Mama mmoja alituambia kwamba alimchapa mtoto kwa ajili ya matokeo yale, kisha akakaa kizingitini, na Mama Penseli akakaa naye. Hakunitaja hata mara moja. Nilianza kujitaja mwenyewe kwenye nyumba ya nne, nilipopata ujasiri.

Kumi na wanane wamepandishwa darasa la tatu. Yule mmoja ambaye hakuwapo hatujampata. Wiki mbili baada ya matokeo, shangazi yake aliyekuwa akimlea alimtoa shule, akamwambia jirani kwamba haoni haja ya kuhangaika na mtoto asiyeingiza kitu kichwani, kisha wakahama. Tumeuliza shule za karibu na za mbali. Tumeacha barua. Tumepiga simu ambazo hazipokelewi. Kila Jumatatu Mama Penseli huniuliza kwa macho tu, nami hutikisa kichwa.

Rasimu ya maandishi haya ameisoma. Alikata sentensi mbili za sifa, na hakugusa kosa lake wala langu. Ameomba pia hotuba ziwe fupi, na kila atakayezungumza amwelekee uso kwa uso.

Mama, ahsante kwa maelfu ya watoto uliowasikia vizuri, na kwa kumi na wanane uliowarudia kwa miguu yako. Ofisi itakuwa pweke bila wewe, na mimi zaidi. Wewe na fundi saa wako tunawatakia maisha mema, marefu, yenye utulivu. Usihangaike tena kuuliza. Yule aliyebaki ni wangu kumtafuta, na naulizia kila shule ninayotumwa. Siku nikimpata nitampa kadi asome, nimsikilize mpaka mwisho. Kisha nitakuja kwako, nikae mbele yako, niseme taratibu ili uione midomo yangu, nikuambie amesoma nini.