Mama Charlotte Kanyinda na Siku Seva Ilipokataa Funguo Zetu

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mama Charlotte Kanyinda anaiacha idara yetu ya informatiki hapa Kolwezi. Waliodhani ataongeza mwaka mmoja, mimi nikiwamo, wameshajibiwa: meza yake iko tupu.

Aliajiriwa kupiga taipu. Kompyuta ya kwanza ilipofika alipewa aifunike isiingie vumbi. Kufikia Noeli alikuwa anaitengeneza. Kwa miaka mingi alitunga manenosiri ya seva kwa Tshiluba, akiamini yako salama, mpaka akakumbuka kwamba nusu ya ofisi huzungumza Tshiluba nyumbani. Ndipo akatuletea funguo za kuingilia seva kwa mbali: ufunguo wa siri unabaki kwenye kompyuta yako, mwenzake unawekwa kwenye seva, na hakuna neno la kubahatisha.

Februari mwaka jana mvua ilikata barabara ya Nzilo, njia pekee ya kufika kwenye kituo chetu cha pampu, maji yakapanda kwenye bwawa letu la maji machafu. Chini ya bwawa kuna mashamba ya mahindi ya watu. Pampu za kuyavuta maji ya bwawa tunaziendesha kutoka ofisini, na asubuhi hiyo seva ya kituo ilikataa funguo zetu zote. Tulibadili kompyuta, tukabadili laini ya intaneti, wapi! Mkurugenzi akaanza kuulizia helikopta.

Mama Charlotte alituambia tuache kuzilaumu funguo, maana haziwezi kuharibika zote siku moja. Alimpigia simu Tata Symphorien, mlinzi wa kituo, akamwambia afungue bahasha ya nenosiri la dharura, kisha amsomee herufi kwa herufi seva inaandika nini kila inapotukataa. Tata Symphorien hakuwahi kugusa kibodi. Aliuliza kama na "kale kamustari ka kati" kanasomwa. Jibu likapatikana: folda ya akaunti yetu, inamokaa orodha ya funguo, iliachwa wazi, yeyote aweze kuandika ndani. Seva haiamini orodha ambayo mtu yeyote angeweza kuibadilisha. Mama Charlotte akamtajia amri moja fupi ya kuifunga. Tukaingia, pampu zikawaka, maji yakiwa yamebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Shamba hata moja halikuguswa.

Mkurugenzi aliapa kumfukuza kazi aliyeifungua folda. Mama Charlotte alijibu kwamba seva ni yake na kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake ya kazi.

Niliyeifungua ni mimi. Nilitaka wenzangu wa zamu waweke ripoti zao humo bila kunisumbua. Mama alijua tangu siku ile. Kesho yake alinikalisha kando yake akanifundisha ruhusa za folda, bila neno moja la kunikaripia.

Mama, asante. Idara nzima inajivunia wewe, nami nina aibu kwamba nimechelewa. Pumzika vizuri na wajukuu. Nakala ya wasifu huu nimeipeleka kwa mkurugenzi, na nimemwomba aitoe ile barua kwenye faili lako, aiandike upya kwa jina langu.

Dodo Kalumba, idara ya informatiki