Komeo la Ndani

Mwalimu: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Mkufunzi: Mimi, mkufunzi wako wa chuo. Umeshafuta namba yangu?

Mwalimu: Aa! Shikamoo, mama! Simu mpya hii, namba zote zilipo—

Mkufunzi: Marahaba. Sikiliza.

Mwalimu: Sema kwa nguvu, leo tunafunga shule, watoto wa bweni wanaondoka, hapa kelele tupu!

Mkufunzi: Nasahihisha kazi za ubunifu. Zile wanafunzi walizorekodi kwenye vishikwambi, picha na sauti.

Mwalimu: Ehee! Za wanangu zimekufikia?

Mkufunzi: Hazina majina, namba tu. Ila kwenye moja nimesikia sauti yako nyuma ya mtoto. Na hicho kicheko chako.

Mwalimu: [anacheka] Haya, nimekamatwa. Kazi ipi?

Mkufunzi: Komeo la mlango.

Mwalimu: Yule binti! Ana mkono yule, mama, we acha tu. Mpe al—

Mkufunzi: Ulisikiliza sauti zake? Zote?

Mwalimu: Zote? Na darasa lile lilivyojaa? Mimi naangalia picha, natoa ushauri, napita.

Mkufunzi: Ulimshauri nini?

Mwalimu: Aliweka komeo la kufungwa kwa ndani tu. Nikamwambia aweke tundu, lifunguke na kwa nje. Moto ukitokea je? Akabadilisha.

Mkufunzi: [anafungua tena sauti ya binti]

Mwalimu: Haloo? Unakwaruza... haloo?

Mkufunzi: Nipo. Waliambiwa watengeneze kitu cha kumaliza shida ya nyumbani. Yeye kasema hivi: “Chumba changu hakifungwi. Nikilala naegemeza sanduku mlangoni, lakini linasukumwa.”

Mwalimu: Linasukumwa na nani?

Mkufunzi: Hakusema. Na baada ya ushauri wako kasema: “Mwalimu ameagiza lifunguke na nje. Nimefanya. Sasa halinisaidii.”

Mwalimu: Mungu wangu.

Mkufunzi: Nyumbani anaishi na nani?

Mwalimu: Shangazi yake. Shangazi ni muuguzi, zamu za usiku. Na mume wa shangazi... Uwii, mama, nimefanya nini mimi!

Mkufunzi: Nini tena?

Mwalimu: Huyo mume kaja kumchukua sasa hivi. Nikamwita ofisini nimringishie. Nikamfungulia picha kwenye kishikwambi. Nikamwonyesha lile tundu, mama! Msumari tu, nikamwambia, ukiuingiza linafunguka.

Mkufunzi: Akasemaje?

Mwalimu: Akacheka. Akanipa mkono.

Mkufunzi: Na binti?

Mwalimu: Kasimama palepale, anatazama sakafu. Nikamtania, eti fundi ana haya. Na tangu asubuhi ananifuata, anaomba likizo hii abaki afagie karakana! Nikamfukuza, nikamwambia nenda kapumzike nyumb—

Mkufunzi: Utajilaumu baadaye! Wako wapi?

Mwalimu: Ngoja, dirishani... Getini! Anafunga sanduku kwenye pikipiki!

Mkufunzi: Kimbia!

Mwalimu: Nakimbia! Nimwambie nini? Nikimtuhumu tu, atamwahi mtoto—

Mkufunzi: Usimtuhumu. Sema msahihishaji kakwama, anataka mtoto aeleze kazi yake upya, la sivyo hapati alama. Ustawi wa jamii nawaita mimi. Na hizi sauti nazipeleka mwenyewe.

Mwalimu: Si hairuhusiwi kuzitoa—

Mkufunzi: Wanifukuze! Umefika?

Mwalimu: [anahema] Bwana! Bwana, zima pikipiki kwanza! Binti anahitajika ndani... Mambo ya mtihani... Hapana, si kesho. Sasa hivi.

Mkufunzi: Mlinzi yupo?

Mwalimu: Mlinzi! Funga geti! We funga, nitakueleza!

Mkufunzi: Haloo? Nasikia mlio, vocha yangu inaisha. Kashuka?

Mwalimu: Huyu ananitolea macho... anafoka... Shuka, mwanangu. Shuka, njoo kwangu.

Mkufunzi: Kashuka?

Mwalimu: Kashuka. Yuko nyuma yangu, kanishika shati.

Mkufunzi: Usimwachie. Hata waje nani, usimwachie.

Mwalimu: Mama... kaniuliza kitu.

Mkufunzi: Nini? Fanya haraka, inakatika!

Mwalimu: Anauliza kama sasa anaruhusiwa kuliziba lile tundu.

Mkufunzi: Mwambie—

[simu imekatika]