Picha ya Mlima Uliomchukua Mama

Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu na baba zangu, shikamooni. Nimekaa na kikundi hiki cha wafiwa miezi mingi nikisikiliza tu. Leo nisaidieni, nami niseme. Majina sitataja.

Nilikuwa chuoni Songea, nasomea upigaji picha. Nilichokipenda ni picha za mandhari: milima, mabonde, ukungu wa asubuhi. Likizo nilikuwa naipeleka kamera nyumbani Kitura, namfuata mama shambani. Mama alikuwa akicheka. "Umetumwa chuo ukapige picha mlima? Kwani mlima unakimbia?" Lakini nikichelewa kuamka alinigongea mlango. Alishajua kwamba nataka jua la mapema, lile la pembeni, linalotia kivuli ndani ya ngolo, mashimo yetu ya kulimia. Jua likipanda, yale mashimo ya mteremko mzima hayaonekani kwenye picha, unaona udongo tu.

Basi mwaka ule mvua ilinyesha kupita kiasi. Nipo darasani, baba mdogo akapiga simu.

"Rudi nyumbani."

"Mama anaumwa?"

"Wewe rudi tu."

Ndugu zangu, mnaijua simu hiyo. Nilipofika, kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka juu ya nyumba yetu. Wanaume walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, wakiogopa kumuumiza. Tulimpata alasiri. Alikuwa peke yake ndani.

Baada ya maziko nilirudi chuoni. Mwalimu akatupeleka kupiga picha za vilima. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaweka jicho. Kilima kikajaa mbele yangu, nikaondoa jicho. Nikafungasha vitu vyangu, nikaondoka bila kuaga.

Nilishuka Kihagara kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa huko ziwani. Nikawa namsaidia kuanika usipa, dagaa wa kule. Kila nilipokaa, niliangalia ziwa, milima nikaipa mgongo. Watu walikuja kunipa pole. Walisema mwachie Mungu, jikaze, utasahau. Nilikuwa naitikia asante, na ndani sina kitu. Nawaambia ukweli, kuna siku nililitazama lile ziwa kwa nia mbaya.

Mama mkubwa miguu yake haitembei. Siku moja tunachambua usipa, akasema, "Mimi mdogo wangu sikumzika. Miguu hii ilinikatalia. Nenda ukaniletee Kitura niione."

"Mama mkubwa, siwezi."

"Hata mimi siwezi. Ila wewe miguu unayo."

Nikachukua kamera. Nikapanda gari, nikaenda.

Alfajiri nilisimama ng'ambo ya bonde. Ukungu ulipoinuka nikaona lile kovu jekundu kutoka juu hadi chini. Pembeni yake majirani, wanawake aliolima nao mama, walikuwa wanafukia majani kwa udongo, wanatengeneza ngolo mpya. Mmoja akaniona, akapaza sauti: "Binti, unapiga na hapo palipoporomoka?"

"Napiga na hapo, mama."

Wakaacha majembe, wakasimama kimya mpaka nikamaliza. Nililia muda wote huo.

Nikasafisha picha moja kubwa, nikampelekea mama mkubwa. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole. "Alikuwa wapi?" Nikamwonyesha. Akainama palepale akaanza kumlilia mdogo wake kwa Kimatengo, kilio cha msibani, kana kwamba jeneza lipo sebuleni. Nikalia naye. Siku ile ndiyo tulimzika mama, sisi wawili.

Nikarudi chuoni. Mwalimu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Kiti chako kile pale." Nimemaliza masomo. Milima naipiga, lakini sijapona kabisa. Mvua kubwa ikianza, natoka nje ya nyumba.

Nawashukuru waliochimba kwa mikono. Nawashukuru majirani waliosimama kimya, na mwalimu wangu. Mama mkubwa, najua umebebwa kuletwa hapa leo. Asante.

Nanyi mnaoenda kuwaona wafiwa, nawaomba: pole mpeni, ila mkishampa, mwombeni naye awafanyie kitu, hata kidogo. Mimi wengi walinionea huruma, na Mungu awabariki. Lakini aliyeniinua ni yule aliyeniambia ananihitaji.