Mama Salvina, Aliyeshukuru Mapema

Marehemu Mama Salvina Stanslaus, ambaye leo ua wake umejaa watu hadi minyaa ya uzio imelala, alizaliwa Ushirombo tarehe 8 Septemba 1922, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo. Baba yake alikuwa Mzee Stanslaus, Msumbwa, mkulima wa muhogo na karanga, na mama yake Bi Paskazia. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Tangu juzi watu wamekuwa wakisema hapa kwamba marehemu alizaliwa mpole. Si kweli. Bibi Paskazia alisimulia kuwa Salvina alikuwa mtoto mbishi, akikataa jambo hata fimbo haimgeuzi. Upole alijifunza ukubwani, tena kwa tabu, na ubishi hakuuacha.

Mwaka 1931 aliingia shule ya masista, akasoma hadi darasa la tatu, kisha akatolewa ili alee wadogo zake. Alijua kusoma, kuandika na kushona. Kisa cha shuleni alikisimulia mwenyewe kila Krismasi, nasi tulicheka kana kwamba ni kipya. Siku moja ugali ulikuwa bado uko jikoni, Sista akamkuta Salvina amepiga magoti anasali sala ya baada ya chakula.

"Umeshakula, wewe?" Sista akauliza.

"Bado, Sista. Nashukuru mapema, nisije nikashiba nikasahau."

Sista alimpa adhabu ya kufagia kanisa, halafu akampa kipande cha nyama kilichokuwa cha kwake mwenyewe. Ndugu waombolezaji, mkikumbuke kisa hiki, maana tutakirudia.

Tarehe 12 Julai 1941 alifunga ndoa takatifu na Bwana Anatoli Shilinde, Msukuma wa upande huu wa njia ya Kishapu. Walijaliwa watoto sita. Wanne walitangulia wakiwa wadogo, wawili kati yao katika wiki moja ya surua mwaka 1953. Mwaka 1949 Bwana Anatoli alipata kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, familia ikahamia kambini. Marehemu alilima bustani, alisuka mikeka, na jioni aliwafundisha wanawake wenzake katekisimu. Kila Jumapili alipeleka altareni kikapu cha shukrani. Mwaka wa mavuno kilijaa mtama, na mwaka wa njaa kilikuwa na viganja viwili, lakini hakikukosa. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, dhahabu ilikwenda na wenyewe. Bwana Anatoli alirudi kwao na godoro, taa ya mgodini isiyowaka, na kikohozi kilichokaa naye mpaka mwisho. Jumapili hiyo hiyo mkewe alipeleka kikapu. Binti yao Theopista, anayesoma maneno haya, alikuwa na miaka ishirini, na alimuuliza mama yake wanashukuru nini. Alijibiwa kwamba baba yake alishuka shimoni miaka kumi na saba na kila siku akapanda.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, familia ilipangiwa kiwanja hapa tulipo. Miti iliisha upesi. Kina mama walipikia samadi kavu, na kila mmoja anajua moshi wake unavyouma. Mama Theopista, kama alivyoitwa na majirani, alipikia ndani ya nyumba kwa sababu mumewe mwenye kikohozi alihitaji joto. Macho yake yakawa mekundu kuanzia hapo.

Aya inayofuata, aliyetupigia taipu aliuliza kama iachwe, kwa kuwa wahusika wapo hai na watakuwepo. Ndiyo maana haikuachwa.

Mwezi Februari 1983, mjukuu wa Mzee Maduhu, jirani wa ua wa pili, alifariki kwa homa. Mzee Maduhu alikwenda kwa mganga, akarudi na jibu kwamba aliyefanya ni mwanamke wa macho mekundu, mgeni, aliyetoka jua linakozama. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Mkutano ulikaa tarehe 6 Machi 1983, ukamtenga Mama Salvina pamoja na nyumba yake. Asisalimiwe. Asipewe moto. Asichote maji na wenzake. Akifiwa, asizikiwe. Atakayevunja amri atatoa ng'ombe. Njia ya kurudi ilikuwa moja, nayo ni kukiri mbele ya mkutano na kutoa fahali aliwe, yaishe. Watu walionyoosha mikono siku ile wengine wamebeba maua leo.

Yeye aliendelea kwenda kisimani kila asubuhi. Alifika, akatua ndoo, akasema, "Mwangaluka!" kama msalimiaji yeyote wa Kisukuma. Kimya. Akasubiri wamalize, akachota, akarudi. Kesho yake, "Mwangaluka!" Miaka mitatu. Theopista alimsihi aache kujidhalilisha. Mama akasema, "Salamu ni yangu, mwanangu. Kuitikia ni kwao." Kikapu nacho kiliendelea kwenda kanisani, ingawa katika benchi lake hapakuwa na mwingine aliyekaa.

Yapo mambo ambayo binti yake hakumsamehe upesi, na ni haki yasemwe hapa. Mwaka 1984 Bwana Anatoli alizidiwa. Alijua atakufa, na hofu yake haikuwa kufa, ilikuwa kuzikwa kama mbwa. Alimwita mkewe, Theopista akiwa ameshika bakuli la uji.

"Salvina, kiri tu. Maneno matupu hayavunji mfupa. Fahali tunaye. Nizikwe na watu."

Marehemu alilia. Alimshika miguu mumewe, akalia sana, kisha ule ubishi wake wa utotoni ukasimama. "Baba Theopista, niombe lolote. Nikisema nilimuua mtoto wa watu, Jumapili nitampelekea Mungu shukrani ya nini?"

Theopista alimtupia maneno ambayo hayataandikwa. Bwana Anatoli alifariki Alhamisi tarehe 11 Oktoba 1984. Udongo wa mbuga mwezi Oktoba ni tofali. Hakuja mtu, na mwanawe Herman alikuwa machimboni, taarifa haikumfikia. Mkewe na binti yake walichukua majembe, kazi ambayo mwanamke wa hapa haifanyi, wakaanza kuchimba. Mnamo saa nne alipita Bwana Shaaban, mfanyabiashara wa chumvi na khanga kutoka Shinyanga mjini, na baiskeli yake. Walinzi wa kijiji walimwonya. Alisema, "Mimi Mwislamu, tena mpita njia. Faini yenu mtanitoza kwa kitabu gani?" Akavua kanzu, akashika jembe. Watatu hao walichimba hadi jua linainama, na kaburi halikupita kiuno. Walirundika miiba juu yake kuzuia fisi. Katekista Otmar alifika hadi nje ya minyaa, akafanya ishara ya msalaba kwa mbali, akaondoka. Marehemu ndiye aliyesalisha. Alimaliza kwa kumshukuru Mungu aliyemleta Shaaban. Binti yake hakuitikia amina.

Mwaka 1986 macho ya mke wa Mzee Maduhu yakawa mekundu. Kisha ya mke wa katibu wa kijiji. Moshi hauchagui ukoo. Hapo kesi ikafa kama kuku wa kideri, kimyakimya, kila mmoja akigeukia pembeni. Hakuna aliyekuja kusema tulikosea. Siku moja tu kisimani mtu aliitikia salamu, na wengine wakafuata. Marehemu alirudi nyumbani akicheka kama msichana. Siku ya tatu yake alikwenda kwa mke wa Mzee Maduhu na maji ya chumvi yaliyochemshwa, akamwosha macho, akamwonyesha namna ya kujenga jiko nje ya nyumba. Theopista alipomuuliza kama hana uchungu, alisema anao. "Ninao, tena mwingi. Ila sikai nao meza moja."

Mwezi Januari mwaka huu alianza kuvimba tumbo. Alilazwa hospitali mjini Shinyanga wiki tano, madaktari wakafanya walichoweza, kisha akaomba kurudi nyumbani. Jumatatu baada ya Pasaka alimwambia binti yake alete kalamu, aandike shukrani za msiba.

"Mama, msiba wa nani?"

"Wangu. Andika: nawashukuru walionichimbia kaburi."

"Nani atachimba? Amri ile hakuna aliyeifuta. Au umesahau kaburi la baba?"

"Sijasahau. Nilikuwapo. Andika, ng'wanawane, mwanangu. Nashukuru mapema."

Theopista aliandika kwa hasira, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mama Salvina alipokea sakramenti, akafariki Alhamisi tarehe 14 Aprili 1988, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jana asubuhi walikuja wanaume kumi na saba na majembe. Wa mbele alikuwa Mzee Maduhu. Theopista alisimama katikati ya mlango wa ua.

"Mwangaluka, mwanangu," mzee akasema.

Kimya.

"Mwangaluka. Tumekuja kumchimbia mama."

"Mama alisalimia kisimani miaka mitatu, Mzee. Itikieni kwanza zile."

Mzee Maduhu aliweka jembe chini. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ni nyingi, mwanangu," akasema. "Nianzie ipi?"

Theopista alikuwa na ile karatasi iliyotoboka, imefungwa kwenye pindo la khanga. Alitaka sana kuwafukuza, na hata sasa anaposoma, hamu hiyo haijaisha. Lakini watu hao walikuwa wameshashukuriwa, na aliyewashukuru ndiye mwenye msiba. Akasogea pembeni. Kaburi mtaliona wenyewe. Ni refu, limenyooka, kuta zake zimechongwa vizuri, na liko ubavuni mwa lile la miiba.

Marehemu ameacha watoto wawili, Theopista, na Herman anayechimba dhahabu porini Geita, ambaye safari hii taarifa ilimfikia akasafiri siku mbili, wajukuu watano, dada mmoja, Bi Theresia wa Bukombe, na Bwana Shaaban, aliyeomba aandikwe kama rafiki, nasi tumemwandika kama ndugu.

Zifuatazo ni shukrani zake, neno kwa neno, na anayesoma anasoma kwa sababu aliagizwa:

"Nawashukuru walionichimbia kaburi, Mungu awape nguvu za mikono. Mume wangu alichimbiwa na watu watatu, wawili wanawake. Mimi mmekuwa wengi. Sina ninachodai. Mnaosalimu, salimuni, na mnaosalimiwa, itikieni. Na kina mama wenye macho kama yangu, jengeni majiko nje, tena msiogope. Ni moshi tu."

Amani alikuwa nayo akiwa bado hai, hakuisubiri kaburini. Mama, nenda ukapumzike nayo. Binti yako ameshasoma yote. Maneno ya shukrani ya kwake bado anayatafuta, na akiyapata atayaleta kanisani, kwenye kikapu.