Ufaransa na Mkwe

Tulipotoka Sotik kuelekea Kericho, mama aliyekaa mbele yangu na sanduku jipya alikuwa ameshamwambia jirani yake kwamba anaenda Ufaransa. Alisema hivyo kama mtu anayepelekwa kupasuliwa.

"Ni ziara ya kikundi. Paris kwanza, halafu basi mpaka mashambani. Binti yangu Vivian alinilipia."

"Sasa mama, unaogopa ndege?" jirani akacheka. Koti lake la kiwanda cha chai lilikuwa na jina Ooko.

"Ndege namwachia Mungu. Vivian ana mimba kubwa, daktari amemkataza kusafiri. Naenda na mume wake, ananingoja Kericho."

Ooko aliacha kucheka. Mimi niliacha kujifanya nasoma simu. Kwa Wakisii, mama na mkwe wake wa kiume hata kiti kimoja hawakalii.

"Huko mashambani tutalala kwa mkulima mmoja, na bafu ni moja," akanong'ona. "Nikikutana naye na taulo nitajificha wapi?"

"Umemwambia Vivian?"

"Alicheka. Ati huko ni Ulaya."

"Basi baki Paris, wengine waende."

"Na nani? Kifaransa sijui hata cha kuomba maji."

"Mama, mimi mama wa mke wangu namsalimia nikiwa langoni."

"Usiniongezee, kijana."

Mimi niliwahi kusafiri na mama mkwe wangu mpaka Bomet tu, na ilitosha.

Gari liliposimama Kericho, kijana nadhifu alisogea mlangoni akitabasamu, akanyoosha mkono. "Karibu mama, nishike."

Mama Vivian alijifunika uso kwa leso. Tulishuka sote, yeye bado amekaa.