Mama Kengele na Ubao wa Lango la Bustani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika,

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mke wangu aliweka karatasi moja juu ya meza ya chakula, akaikandamiza kwa kopo la sukari ili feni isiipeperushe, akaniambia, "Mwalimu, ipitie hii, fundi wa mabango anaitaka kesho saa mbili kamili." Nilikuwa nasahihisha mitihani, sikuinua kichwa, nikamjibu, "Iache hapo, Mama, nitaisoma kesho," naye akacheka, akasema, "Kesho yako naijua," akachukua kengele yake na funguo zake, akatoka kwenda kufunga bustani. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu. Shemeji yangu alijitolea kusoma historia hii, nikamwomba aniachie, kwa sababu nimefundisha takwimu chuo kikuu kwa miaka thelathini na moja, na nisingependa tarehe za mke wangu zikosewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1963, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya Bustani ya Jiji, chumba cha nne kutoka bombani, mahali ambapo leo pamepandwa mawaridi, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa mlinzi wa lango na mfagiaji wa vijia. Kabla ya kuwa bustani, eneo lile lilikuwa shimo la udongo wa matofali, na mwaka 1956 wanaume ishirini na saba waliajiriwa kulipanua kwa mikono yao mpaka liwe ziwa, kila mmoja na koleo lake lililochomwa namba kwenye mpini, baba mkwe wangu akiwa namba tisa. Walichimba miaka miwili na miezi saba, na udongo walioutoa ndio ule mlima mdogo ambao watoto wetu wote wameteleza juu yake kwa maboksi, wakidhani ulikuwepo tangu dunia ianze. Bustani ilifunguliwa tarehe 5 Septemba 1959, ukawekwa ubao langoni wa kusema kwamba imejengwa na Halmashauri ya Jiji, basi, na mchimbaji namba tisa akakabidhiwa funguo za lango hilohilo.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1970 hadi 1976, na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, ambako mwalimu wa jiografia aliwahi kuuliza darasa zima ziwa la bustani limetokana na nini, wenzake wakasema mvua, wengine wakasema chemchemi, yeye akasema, "Baba." Walimcheka hadi mwisho wa muhula. Mwaka 1981 alijiunga na mafunzo ya utunzaji wa bustani, akapata cheti Novemba 1982, na tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa katika nyumba ya vioo, akapangusa majani ya okidi moja moja kwa kitambaa laini, kazi ambayo mimi nilipoijaribu niliagizwa kwa upole nikakae nje.

Tarehe 31 Desemba 1988 baba yake alistaafu, funguo na kengele vikaja kwake, na tangu hapo jina la Mama Kengele likameza jina alilopewa na wazazi. Nusu saa kabla ya kufunga alizunguka bustani yote akiipiga, kuanzia daraja la mbao, akipita bwawa la kobe, jukwaa la bendi, bembea, mpaka kwenye mabenchi ya wachumba, ambao aliwaambia, "Haya wapendwa, mapenzi yanaendelea nje ya uzio." Mwaka 1994 alianzisha matembezi ya Jumapili, akiwaonyesha wageni ngazi ya tatu ya jukwaa la bendi, ambayo ukisimama juu yake na kunong'ona unasikika hadi kwenye mawaridi, na miti mia tatu na kumi na miwili aliyoiandikia vibao kwa mkono wake. Mwaka 2004 alipandishwa kuwa msimamizi wa bustani, akapewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka, akaendelea kufungua lango mwenyewe.

Tulikutana Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 1985, jioni ambayo baba yake alikuwa na homa na yeye ndiye aliyefunga, nami nilikuwa nyuma ya ua wa michongoma nikijisomea mtihani wa marudio, sikusikia kengele, au niliisikia nikaipuuza. Nilipofika langoni nilimwita kwa sauti, akajibu kutoka upande wa pili bila kugeuka, "Tumefunga kaka, njoo kesho," nikamuuliza nitakujaje kesho wakati niko ndani. Aligeuka, akanitazama kupitia nondo, akacheka mpaka funguo zikamponyoka. Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na kwa muda wote aliokuwa na funguo zile hakufunga lango hata siku moja kabla ya kuchungulia nyuma ya michongoma. Tulijaliwa watoto wawili, binti yetu aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni mfamasia, na mwanetu wa kiume aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni fundi wa lifti, na wajukuu watatu.

Alistaafu tarehe 3 Machi 2023, akaombwa abaki na funguo mpaka apatikane mtu, na mtu huyo hakupatikana. Alichokitaka yeye kilikuwa kimoja tu, ubao wa langoni useme ukweli. Tangu mwaka 2013 aliandika barua tisa kuomba wachimbaji wale watajwe, akajibiwa kwamba hakuna ushahidi, mpaka Agosti mwaka jana alipokuta kitabu cha mahudhurio ndani ya kibanda cha zamani cha pampu, chini ya magunia, kikiwa na majina yote ishirini na saba na namba za makoleo yao. Aprili mwaka huu alikubaliwa, kwa sharti kwamba maneno yatoshe ukurasa mmoja na yamfikie fundi Jumatano, tarehe 15 Mei, saa mbili asubuhi, la sivyo ubao utapakwa rangi upya na maneno yaleyale ya zamani, ili uwahi maadhimisho ya miaka sitini na mitano. Karatasi aliyoniwekea mezani ilikuwa ukurasa huo.

Hapa, katika historia za namna hii, huja sehemu ya ugonjwa. Sina cha kusoma. Hakuwa na presha, hakuwa na sukari, Jumatatu, siku moja kabla, alibeba ndoo mbili za mbolea na akanikataza kumpokea. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano jioni nilipigiwa simu na mpiga picha wa bustani, akaniambia, "Mwalimu, njoo, Mama ameanguka hapa jukwaani," nami nikamuuliza ni mama gani. Tulifika hospitali naye, na saa moja na dakika hamsini daktari alinieleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani, na kwamba mke wangu alifariki saa moja na dakika kumi. Nilimwomba arudie saa, akarudia. Nilimwomba arudie sentensi yote, akairudia, na mpaka leo ninapoisoma mbele yenu naiona kama imeandikwa kuhusu mtu mwingine.

Kwa niaba ya familia, namshukuru daktari yule kwa kunivumilia, muuguzi aliyenikabidhi viatu, kitambaa, kengele na funguo kumi na nne vikiwa vimefungwa vizuri kama zawadi, mpiga picha aliyeukinga uso wa mke wangu kwa koti lake, majirani ambao hawajaniacha nile peke yangu, wafanyakazi wenzake wa bustani, na wenzangu wa chuo waliomalizia kusahihisha mitihani ile. Fundi wa mabango naye namshukuru, alipokea karatasi Jumatano saa mbili kamili, na kama alishangaa kwamba imetoka mikononi mwangu bila alama hata moja ya wino mwekundu, nitaeleza sababu, kisha nimemaliza.

Asubuhi ile, saa kumi na moja na dakika kumi, nilikaa mezani, nikaliondoa kopo la sukari, nikaisoma. Kesho yangu ilikuwa imefika. Niliyalinganisha majina na kitabu cha mahudhurio, yakatimia ishirini na saba, nikakagua tarehe, kina cha ziwa, urefu wa mlima, sikuona kosa, mpaka nikafika mstari wa mwisho, ulioandikwa hivi: "Lango hili hufunguliwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi na mtu wa familia ya mchimbaji namba tisa." Nilichukua kalamu nyekundu. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini, na maneno yale yalikuwa yamebakiwa na dakika ishirini za kuwa kweli.

Nilifunika kalamu, nikachukua funguo. Nilikuta watu kumi na mmoja wamesimama nje, wa mazoezi na wa kupita njia, na mama mfagiaji mwenye fagio lake, akaniuliza, "Mwalimu, leo Mama kakutuma wewe?" nikainamia kufuli. Nilijaribu funguo sita, zikakataa. Wa saba ulizunguka, nikasukuma lango mpaka mwisho, kama alivyokuwa akilisukuma, wakapita, nami nikaenda kuchungulia nyuma ya michongoma.

Hapakuwa na mtu. Pumzika, Mama Kengele, lango lilifunguliwa kwa saa yake.