Bamba la Mwisho la Hilaria

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikie ningali na pumzi, maana tangu Jumapili sauti yangu inatangulia nami nabaki nyuma.

Shamba la Gendabi ni la Herman, na nyumba hii ya Mbulu ni ya Efrazia. Msigombane, msije mkawafurahisha wanaosubiri kuvuna. Jirani Hhando, ambaye ng'ombe wake walimaliza mahindi yetu mwaka 1998, nimemsamehe. Mpelekeeni salamu, wala msimkumbushe.

Nilikuwa karani wa serikali tangu tarehe 2 Januari 1974 hadi tarehe 30 Juni 2006, na halikupotea jalada mikononi mwangu. Lakini kazi yangu hasa ni ile niliyofundishwa na mtawa mmoja shuleni: kuchora kwa rangi, na kuchora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, nikalitia katika tindikali mpaka mistari iliwe, kisha nikalipaka wino na kulichapa karatasini kwa mashine. Picha zangu zilitundikwa Arusha na Dar es Salaam, na wageni wakanipa mkono. Hapa, nabii hakubaliki kwao. Wapita njia waliposikia mashine walikuwa wakiniita, "Shikamoo, Mama Herman! Leo unasaga mahindi ya nani?" Nilikuwa nikicheka nao, kisha nikifunga mlango. Nanyi mlikuja kila Krismasi, mkala, mkashiba, mkapita mbele ya picha zile kama wapitao mbele ya ukuta mtupu.

Baba yenu Bonaventura ndiye aliyekuwa akizungusha gurudumu la mashine, nami nikiinua karatasi. Tangu alipofariki, tarehe 11 Machi 2015, nimezungusha peke yangu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Bamba lililo mezani nililimaliza Agosti. Nguvu za kulichapa zikakosekana, na sasa macho nayo yamezimika. Picha hiyo hakuna aliyeiona, hata mimi.

Efrazia, paka wino, kisha ufute juu, uuache ulio ndani ya mistari. Laza karatasi ile yenye unyevu. Herman, zungusha... polepole, baba, usisimame katikati... Naam, naisikia. Inueni, kwa pembe zote mbili.

Msinisifu. Za kusifu mtazisema makaburini. Niambieni tu mnachokiona... Mungu awabariki, wanangu, awaweke pamoja... Anza wewe, Efrazia... sema, mama... nasikiliza...